Anayepita Bila Kusalimu

Huku kwetu Kyavinyonge, kijana akikutana na mzee wa mtaa njiani na kupita bila salamu, hukumu hutolewa kabla ya jioni: ana kiburi, amekwenda kusoma Butembo na sasa hatujui tena. Mara nyingine hukumu hiyo ni ya haki, kwa maana kiburi kipo. Lakini, vijana wapendwa, wapo watu wasio na kiburi hata kidogo ambao hupita vivyo hivyo, kwa sababu uso waliouona hauwaambii ni wa nani.

Mwaka 1947 daktari Mjerumani Joachim Bodamer aliandika juu ya askari waliojeruhiwa kichwani vitani. Waliona macho, waliona pua, waliona kinywa. Ila hawakuweza kujua mwenye uso. Mmoja wao hakujitambua hata kwenye kioo. Bodamer aliiita hali hiyo prosopagnozia, kwa maneno ya Kigiriki, yaani kutozijua nyuso. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni matokeo ya jeraha la ubongo tu. Baadaye ikaonekana kwamba wengine huzaliwa nayo, na mara nyingi huonekana kwa watu kadhaa wa ukoo mmoja. Wachunguzi wengi hukadiria watu 2 katika kila 100. Parokia yenye vijana 300, hesabuni wenyewe. Wengi wa hao hawajui kwamba wanayo, maana hakuna aliyewahi kuona kwa macho ya mwenzake. Shuleni tunapima hesabu na imla; hilo hatulipimi.

Wala si upungufu wa akili. Marehemu Jane Goodall, aliyefika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1960 na kujulikana duniani kote kwa kuwachunguza sokwe mmoja mmoja, alikuwa na shida hiyo. Nyuso za watu zilimponyoka, na hata za sokwe, mpaka amzoee yule anayemtazama.

Upande wa pili wako wenye kipawa kikubwa. Mwaka 2009 Richard Russell na wenzake waliandika juu ya watu wanaoweza kumtambua mtu waliyemwona mara moja tu, miaka mingi iliyopita. Polisi wa London wamewahi kuwatumia watu wa namna hiyo. Sisi wengine tumepangwa katikati, kila mtu kwenye ngazi yake, kama vile sauti zinavyotofautiana katika kwaya.

Asiyetambua nyuso huishi kwa alama nyingine: sauti, mwendo, vazi, namna ya kusuka nywele. Dada akibadilisha nywele zake, kwa mtu huyo amekuwa mgeni. Basi tunaposalimu tutaje majina yetu, haigharimu kitu. Na ule mchezo wa kumshika mtu mkono na kumwambia, «Hunikumbuki? Taja jina langu!», mimi nauona kuwa ni mateso madogo yaliyovikwa kicheko.

Lipo hata hivyo jambo zito zaidi kuliko salamu. Kwa wengi wetu, tofauti hizi huonekana hasa kwa nyuso ngeni. Uso wa ndugu, karibu kila mtu huutambua hata gizani. Uso wa mgeni aliyeonekana kwa dakika moja, wengi wetu hukosea, na anayekosea huweza kuwa na uhakika uleule wa anayepata. Sasa fikirini hali ya Beni na Butembo tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014: wakimbizi wanaingia, hofu imejaa, na mtu mmoja anapaza sauti, «Ni yule! Nimemtambua!» Mawe huokotwa mara moja.

Huko Marekani, mwanamke aliyebakwa mwaka 1984 alimtambua Ronald Cotton kwa uhakika kamili. Alikuwa mwerevu, tena aliukazia macho uso wa mshambuliaji ili asiusahau. Cotton alifungwa. Baadaye mkosaji wa kweli aliletwa mahakamani mbele ya mwanamke huyo, naye akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 kipimo cha chembe za urithi, kiitwacho ADN, kilimwondolea Cotton hatia. Katika kesi za Marekani zilizofutwa kwa kipimo hicho, takriban 7 katika kila 10 zilikuwa na shahidi aliyekosea uso.

Cotton alikuwa na miaka kumi ya kungoja. Mtu aliyezungukwa na umati ufukweni hana hata nusu saa. Kwa hiyo kijana aliye karibu na huyo anayepaza sauti amwulize, tena kwa nguvu ili wote wasikie: Ulimwona wapi? Kwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga gani? Ulimtazama kwa muda gani, na ulikuwa umewahi kumwona kabla ya siku hiyo? Wakati anajibu, wengine wamtoe yule mtu katikati ya watu na kumpeleka kwa wakubwa wa mji akiwa mzima.