Kofia ngumu mgodini, kichwa wazi uwanjani

Na Mwandishi Wetu, Kahama

MGENI anayefika katika mgodi wowote mkubwa wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa haruhusiwi kuingia eneo la kazi kabla ya kuvishwa kofia ngumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo inamtaka mwendesha pikipiki kuvaa helmeti. Katika mji wa Kahama, unaoishi kwa dhahabu na bodaboda, kichwa cha mtu mzima kimewekewa sheria mbili.

Kichwa cha mwanafunzi aliye uwanjani hakijapewa uzito huo. Katika Kata ya Nyahanga, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Kahama, michezo inayotawala shuleni ni soka na netiboli, na viwanja vyake ni ardhi ngumu. Desturi iliyozoeleka katika viwanja vingi vya shule nchini inafahamika: mchezaji aliyegongana kichwa na mwenzake humwagiwa maji, hupumzika kidogo, kisha hurudi mchezoni huku akishangiliwa kwa ushujaa wake.

Suala hili linahitaji kutazamwa sasa kwa sababu michezo ya kutumia gongo na mpira mgumu inazidi kuingia katika shule za Afrika Mashariki. Hapa nchini, Chama cha Besiboli na Softiboli Tanzania (TaBSA), kwa ushirikiano na wadau kutoka Japani, kimekuwa kikiendeleza michezo hiyo miongoni mwa wanafunzi, na mwaka 2018 ulizinduliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Nchini Uganda, vijana wa Lugazi waliandika historia mwaka 2012 walipokuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Marekani. Softiboli ya wanawake nayo imepangwa kurejea katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028.

Hizo ni habari njema, hasa kwa wasichana, ambao nafasi zao za michezo shuleni ni chache. Swali ni iwapo michezo hiyo itafika wilayani pamoja na kinga zake, au itatangulia mipira na magongo huku kofia zikisubiri msaada mwingine.

Jina lisilolingana na mpira

Softiboli ni mchezo unaofanana na besiboli, lakini mpira wake ni mkubwa zaidi na hurushwa kwa mkono unaopita chini ya kiuno. Jina lake la Kiingereza lina maana ya mpira laini, na hapo ndipo wengi hukosea. Mpira rasmi una mzingo wa sentimita 30 hivi na uzito wa kati ya gramu 178 na 198, na ni mgumu kiasi cha kuweza kuvunja taya, pua au mfupa wa kuzunguka jicho.

Hatari kubwa haiko kwa mpigaji peke yake. Katika michezo ya wasichana wa sekondari nchini Marekani, mrushaji husimama umbali wa futi 43, yaani takriban mita 13, kutoka kwa mpigaji. Akishamaliza kurusha, hatua yake humsogeza mbele zaidi. Mpira ukirudi kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, hupita mita 11 kwa muda usiofika nusu sekunde. Muda huo haumtoshi msichana wa miaka 14 kuuona mpira, kuamua na kuinua glavu. Walinzi wa kituo cha kwanza na cha tatu, ambao husogea mbele mpigaji anapotaka kuugusa mpira kidogo tu, wako katika hatari inayokaribia hiyo.

Ndiyo maana mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, huvaa kofia, kinga ya uso yenye vyuma na kinga ya koo. Kwa upande wa mpigaji, shirikisho la michezo ya sekondari la Marekani liliamua kuwa kuanzia mwaka 2006 kofia yake ya softiboli lazima iwe na kinga ya uso. Kwa mrushaji na walinzi, kinga ya uso imebaki kuwa hiari chini ya kanuni za shirikisho hilo, ingawa wachezaji wengi huivaa na baadhi ya ligi zimeifanya lazima.

Kanuni iliyofuata misiba

Historia ya michezo hii inaonyesha kuwa kanuni za usalama mara nyingi zimekuja baada ya msiba. Mwaka 1920, Ray Chapman, mchezaji wa besiboli wa Cleveland, alipigwa kichwani na mpira akafariki dunia siku iliyofuata. Ilichukua nusu karne, hadi mwaka 1971, kwa ligi kuu ya Marekani kuifanya kofia ngumu kuwa lazima kwa wapigaji wapya. Mwaka 2007, Mike Coolbaugh, kocha aliyekuwa amesimama pembeni mwa kituo, aliuawa na mpira uliopigwa kwa nguvu. Msimu uliofuata makocha wa vituoni wakaamriwa kuvaa kofia.

Tanzania inayo kumbukumbu yake yenyewe. Sheria ya helmeti ilikuwapo tangu mwaka 1973, lakini pikipiki za abiria zilipoenea na kuwekewa kanuni za leseni mwaka 2010, helmeti hazikuenea kwa kasi hiyo hiyo. Tangu hapo polisi wa usalama barabarani wamekuwa wakilikimbiza tatizo lililokwisha kuota mizizi. Hata hivyo, faida ya kofia haina ubishi: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa mwendesha pikipiki kwa asilimia 69, na hatari ya kifo kwa asilimia 42.

Kofia ina mpaka wake

Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba kofia na kinga ya uso vinamaliza tatizo. Vifaa hivyo huzuia mfupa kuvunjika, jicho kupasuka na meno kung'oka. Haviwezi kuuzuia kabisa ubongo usitikisike ndani ya fuvu pale kichwa kinaposukumwa au kuzungushwa ghafla. Mtikisiko huo unaweza kutokea bila jeraha la nje na bila mchezaji kuzirai. Dalili zake ni kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona vitu viwili viwili au kusahau kilichotokea muda mfupi uliopita.

Kwa sababu hiyo, mjadala huu unawahusu pia wanafunzi wa Nyahanga ambao huenda hawajawahi kuona gongo la softiboli. Katika soka, mitikisiko mingi ya ubongo hutokana na vichwa kugongana au kiwiko kugonga kichwa wakati wachezaji wawili wanawania mpira wa juu. Hakuna kofia inayovaliwa hapo. Kinga pekee ni uamuzi wa mwalimu au mwamuzi.

Nchi nyingine zimekwisha kuchukua hatua. Mwaka 2015 shirikisho la soka la Marekani lilipiga marufuku watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo kwa michezo ya ngazi ya chini, wenye msingi kwamba mwenye dalili zinazotiliwa shaka atolewe uwanjani mara moja, na asirudi katika mashindano kabla ya siku 21. Mwongozo wa namna hiyo hauhitaji mashine wala fedha za kigeni.

Umuhimu wake ni mkubwa zaidi kwa mji kama Kahama kuliko London. Mwanafunzi anayevuja damu ndani ya fuvu anaweza kuhitaji upasuaji wa haraka, na kwa wakazi wa Kahama safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Pale tiba ilipo mbali, kinga inapanda thamani.

Gharama na njia iliyo wazi

Hoja ya gharama haiwezi kupuuzwa. Kofia moja yenye kinga ya uso hugharimu makumi ya dola za Marekani, wakati ruzuku iliyowekwa katika mpango wa elimu bila ada ulioanza mwaka 2016 ni Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Hakuna mwalimu mkuu atakayenunua kofia kwa fedha ya vitabu na chaki. Wala haifai kumtuma fundi wa kuchomelea atengeneze kinga ya nondo, kwani chuma kisicho na sponji na kisichopimwa kinaweza kuugeuza mpira uliokuwa wa kuchubua kuwa jeraha la kukata. Kofia ya mtumba yenye ufa, au inayocheza kichwani, nayo ni pambo tu.

Zipo hatua tatu zinazowezekana. Kwanza, Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na chama husika vinaweza kuweka sharti kwamba msaada wowote wa magongo na mipira kwa shule uje na kofia za wapigaji na wakimbiaji, vifaa kamili vya mdakaji na kinga ya uso ya mrushaji, ukubwa ukilingana na umri.

Pili, shule zisizo na vifaa zinaweza kuanza na Baseball5, mchezo wa wachezaji watano kila upande unaotumia mpira wa raba unaopigwa kwa kiganja, bila gongo wala glavu. Mchezo huo umewekwa katika ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar iliyopangiwa mwaka 2026, hivyo mtoto anayeanza nao hajatengwa na ndoto za kimataifa.

Tatu, na hii haina gharama, waandaaji wa UMITASHUMTA na UMISSETA wanaweza kuandika kanuni moja inayohusu michezo yote: aliyegongwa kichwani na kuonyesha dalili yoyote atoke, asirudi siku hiyo, na mzazi aarifiwe kabla mtoto hajalala. Kanuni hiyo ikiwapo kwa maandishi, mwalimu hatabaki peke yake dhidi ya kelele za mashabiki na ubishi wa mchezaji mwenyewe.

Migodi ilijifunza kwamba kofia ngumu ni sehemu ya kazi, kama ilivyo sururu. Softiboli bado ni changa nchini, na hiyo ni nafasi adimu ya kuiweka kanuni mbele ya msiba. Mwenye wajibu wa kuiandika anajulikana. Kinachosubiriwa ni kalamu yake.