Damu haisubiri maji yajae

Mzazi, tuseme uko Jibondo. Usiku binti yako alijifunika gubigubi akisema ni tumbo la hedhi. Alfajiri unakuta godoro limelowa damu. Utaanza na swali gani?

Wengi huanza na "mimba ya nani?" Hilo lisubiri. Uliza damu imeanza saa ngapi na amebadilisha pedi ngapi. Akilowesha pedi mbili kwa saa, akiwa na homa, kizunguzungu au uchafu unaonuka ukeni, mpelekeni hospitali sasa hivi. Kwenu ni mashua kwanza, gari baadaye hadi Kilindoni, na maji yakipwa mnachelewa zaidi.

Najua kinachowarudisha nyuma: jela na dhambi. Kanuni ya Adhabu inampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Inaacha nafasi pale tu maisha ya mama yanapookolewa. Itifaki ya Maputo, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inataja pia ubakaji na mimba ya maharimu, ila sheria yetu haijaifuata. Kwa maoni yangu, huko ni kumwachia mwanamke uchaguzi mdogo mno. Lakini kumtibu anayetokwa damu, iwe mimba imetoka yenyewe au imetolewa, si kosa. Ni huduma ya kawaida: kizazi husafishwa kwa pampu ya mkono au kwa vidonge, na maambukizi hutibiwa. Mhudumu aambiwe ukweli kuhusu alichokunywa au alichoingiziwa, maana bila hivyo anatibu kwa kubahatisha.

Kuhusu dhambi, wanazuoni wa Kiislamu wanatofautiana juu ya mimba ambayo haijafika siku 120, wengine wakikataza tangu mwanzo. Lakini uhai wa mama ukiwa hatarini, wengi wao huutanguliza. Basi nani aliyekuambia kumficha chumbani ndiyo dini?

Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, azungumze na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango siku hiyohiyo, kwani mimba nyingine yaweza kuingia ndani ya wiki mbili, hata hedhi haijarudi.

Na kama binti yako ni mjamzito leo na anaogopa kukuambia kwa sababu ya shule, mwambie wewe kwanza: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu aliyejifungua kurudi darasani.