Nyumba Isiyo na Pazia

Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Nalo ni vile vipindi vya televisheni viitwavyo vya maisha halisi, ambamo watu wa kawaida hutiwa mbele ya kamera, wakaishi, wakagombana na kulia, nasi tukatazama.

Wazee wengi huvihesabu vipindi hivi na michezo ya kuigiza kuwa ni kitu kimoja, wakavilaumu vyote pamoja. Vijana nao hujibu kuwa ukweli ni bora kuliko hadithi za kubuni. Sisi twaona kuwa tofauti iliyopo ni kubwa, wala haiko pale wanapoidhania.

Tuanze na mchezo wa kuigiza. Wengi wetu twaujua mchezo wa Kenya uitwao Vioja Mahakamani. Mshtakiwa husimama kizimbani, akahojiwa, nasi tukacheka. Lakini mshtakiwa yule hayupo duniani. Ameundwa na mtunzi. Mchezo ukiisha, mwigizaji hurudi kwake, na hakuna mama popote aliyeinamisha uso kwa ajili ya mwanawe. Funzo tumelipata, na heshima ya mtu haikuguswa. Hatusemi kuwa kila mchezo ni mwema. Iko mingi yenye uchafu, na hiyo yapasa kuepukwa. Twasema tu kuwa hadithi ina pazia lake.

Ama vipindi vya maisha halisi, pazia hilo ndilo lililoondolewa. Mwaka 1971 watengenezaji filamu wa Marekani waliingia katika nyumba ya familia moja ya Santa Barbara, California, wakakaa nayo miezi saba, wakapiga picha za saa 300 hivi. Mwaka 1973 zilionyeshwa katika sehemu 12 za saa moja moja, na taifa zima likatazama mke akimtaka mumewe ahame nyumba. Baadaye wenyewe walilalamika kuwa hawakuonyeshwa kama walivyo. Na tufanye hesabu: katika kila saa 25 zilizopigwa, ilionyeshwa saa 1 tu. Ni nani aliyeichagua saa hiyo? Huyo ndiye mtunzi, ila yeye hakuandika kwa kalamu, ameandika kwa mkasi. Basi kijana aitaye haya ukweli na ajue kuwa kipande cha ukweli kilichokatwa kwa makusudi chaweza kudanganya kuliko hadithi, kwani mwenye hadithi hukiri kuwa amebuni.

Sababu kubwa ya kuenea kwa vipindi hivi ni fedha. Kipindi kisicho na waigizaji mashuhuri hugharimu kidogo. Mwaka 1988 watunzi wa televisheni na sinema wa Marekani waligoma kwa miezi mitano, na mwaka 1989 kikaanza kipindi cha Cops, kiwafuatacho polisi na watu wanaowakamata. Mwaka 1999 Uholanzi ilianzisha Big Brother, ambamo watu hufungiwa katika nyumba yenye kamera kila upande. Mwaka 2000 sehemu ya mwisho ya mfululizo wa kwanza wa Survivor ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 51 nchini Marekani. Afrika nayo ikapata Big Brother yake mwaka 2003, kwa vijana wa nchi 12, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, ikaendelea hata mwaka 2014.

Nchi za Waislamu hazikusalimika. Mwezi wa Februari 2004 kituo cha MBC kilianza kuonyesha kipindi cha namna hiyo kutoka Bahrain. Waliotengeneza nyumba ile waliweka vyumba vya kulala na vya kusalia mbalimbali, vya wanaume na vya wanawake. Hata hivyo watu waliandamana kukipinga, na mwanzoni mwa Machi kikasimamishwa. Wengi walichukizwa na mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na haki yao. Lakini sisi twaongeza neno moja: lau kungalijengwa kuta kumi baina yao, kamera ingalibaki, na kamera haijui ukuta.

Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Na husimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.), zama za ukhalifa wake, alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamwambia kuwa yeye amekosa kosa moja, bali Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlangoni, wala hakutoa salamu. Sayyidna Umar akamsamehe, akatoka. Ikiwa Khalifa, mwenye jukumu la kuulinda mji, hakuwa na ruhusa ya kuchungulia juu ya ukuta, je, sisi tuliokaa kwa starehe twaipata wapi?

Atasema mtu: hawa wameridhia wenyewe, tena wamelipwa. Twajibu kuwa mtu hana aibu ya peke yake. Ana wazazi, ana ndugu, ana watoto walio hai na wasiozaliwa, na hao hawakutia sahihi. Tena ridhaa ya mtu aliye katika dhiki au ghadhabu si ridhaa ya kutegemewa. Huko Uingereza, kipindi cha Jeremy Kyle, kilichoanza mwaka 2005, kilikuwa kikiwaleta watu kugombania ndoa na nasaba zao mbele ya hadhara. Kilifutwa Mei 2019 baada ya kufariki mtu mmoja aliyeshiriki. Mwaka 2021 wasimamizi wa utangazaji wa nchi hiyo wakaanza kutumia kanuni mpya za kuwalinda washiriki wa vipindi. Hata wasiofuata sheria yetu wamelazimika kuona kuwa ridhaa peke yake haitoshi.

Hatusemi kuwa kila mtu halisi aonyeshwaye ni haramu kutazamwa. Mashindano ya mashairi ya Abu Dhabi, yaliyoanza mwaka 2006, na mashindano ya kusoma Qur'ani, huonyesha watu halisi. Lakini tutazamacho ni kazi na elimu yao, si aibu yao. Hiyo ndiyo mizani tunayowapa wasomaji wetu. Kila kipindi kiulizwe: je, twatazama kazi ya mtu huyu, au twatazama sitara yake ikichanika?

Na mizani hii isiishie kwenye televisheni. Leo kila simu ni kamera, na kila nyumba yaweza kuwa kipindi. Wapo wazazi wampigao picha mtoto akilia kwa adhabu, wakaisambaza ili watu wacheke. Wapo mume na mke wautoao ugomvi wao mtandaoni, wakaomba watu wasiowajua wawahukumu. Wale watapatana usiku huohuo, lakini maneno hayatarudi. Na yule mtoto atakua, ataoa au ataolewa, na picha ile itamngoja mlangoni.

Basi enyi wazazi, msitosheke na kuizima televisheni; kaeni na watoto wenu, muwafundishe kuuliza swali hilo. Nanyi vijana, mkipelekewa aibu ya mtu, na iishie mkononi mwenu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa amsitiriye Mwislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri Siku ya Kiama, na siku hiyo hakuna miongoni mwetu asiyehitaji sitara.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu na kizazi chetu. Amin.