Tumekalia Kiti cha Bwana, Je, Fimbo Yake Tumeitupa?



Sisi makarani tunashika kalamu leo kwa kujishitaki wenyewe. Mara nyingi kurasa hizi zimejaa mashitaka juu ya wakubwa wa kompani, na mashitaka yale ni ya haki, wala hatuyafuti. Lakini mtu anayetaka kufagia kambi nzima aanze kwanza na mlango wa nyumba yake. Mlango wetu sisi ni dirisha la biro, pale wafanyakazi wanaposimama mstari kila asubuhi.

Mambo yenyewe ni haya. Siku moja baba mmoja wa mashini, mtu wa miaka mingi ya kazi, alifika dirishani na karatasi mkononi. Aliandika kwa Kiswahili, kwa kalamu ya risasi, ya kwamba kifuniko cha chuma cha mkanda unaochukua mawe kimelegea, na mtu akiteleza pale mkono wake utavutwa. Tuliitazama karatasi ile, tukamrudishia. Tulimwambia: "Wewe, ripoti inaandikwa kwa Kifaransa. Tafuta mtu akuandikie, halafu urudi." Watu wa mstari walicheka. Baba yule aliikunja karatasi yake, akaitia katika mfuko wa shati, akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, bwana karani," akaenda zake. Hakurudi. Siku ya tatu kijana mmoja wa kibarua alipoteza vidole vitatu katika mkanda ule ule.

Mkubwa alikuja juu, akauliza: "Mbona hakuna mtu aliyesema?" Sisi tulinyamaza. Tena jioni ile tuliandika ripoti ya ajali kwa Kifaransa kizuri, bila kosa hata la herufi moja, tukatia ndani yake maneno haya: hakuna onyo lililopokelewa. Na kweli, katika daftari onyo halikuwamo, kwa sababu sisi wenyewe tulilifukuza dirishani.

Basi, wandugu, nani alikata vidole vya kijana yule? Mashini ilikata, ni kweli. Kompani iliacha kifuniko kilegee, hilo nalo ni kweli, na lazima ijibu. Lakini katikati ya mtu aliyeona hatari na mtu aliyeweza kuiondoa alisimama karani Mkongo, mwana wa mfanyakazi wa mgodi, akamzuia mwenzake kwa sababu ya lugha ya mama yake.

Tumejiuliza tabia hii tumeitoa wapi. Hatukuzaliwa nayo. Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa mwaka 1906, na kazi ya shaba ilipokusanya watu kutoka pande zote, mtu aliingia mgodini na jina alilopewa na wazazi, akaandikwa namba. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boy na kijana aliyefika jana kutoka Ulaya. Chikoti cha ngozi ya kiboko kiliendelea kupiga migongo katika Kongo hata miaka ya 1950. Na Kiswahili chetu pia kilitiwa kazini kwa namna hiyo: vitabu vidogo vya kuwafundisha Wazungu kusema na wafanyakazi vilijaa amri. Leta, beba, chimba, nyamaza, upesi. Ndani yake ilikuwa vigumu kupata neno la kumwuliza mtu anaona namna gani, kwani hakuna aliyetaka kujua.

Kumbukeni pia siku ya tarehe 30 Juni 1960. Patrice Lumumba alisimama mbele ya Mfalme Baudouin, akahesabu mateso ya watu wetu: kazi ya nguvu, mishahara isiyoshibisha, ardhi iliyochukuliwa, magereza. Katikati ya mambo makubwa hayo alitaja jambo ambalo wengine wangesema ni dogo, ya kwamba mtu mweusi aliitwa tu kwa Kifaransa, na neno la heshima, vous, liliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta. Alijua vizuri namna neno moja la dirishani linavyoweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyoondoka. Basi sisi leo tunaposema "wewe" kwa baba wa miaka sitini, na "bwana" kwa mgeni wa miaka ishirini na tano, tunafuata shule ya nani?

Kuna shule nyingine tena, na ile ilikuwa yetu hasa, sisi watu wa kalamu. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilileta kadi ya sifa kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na mwaka 1952 ikaongeza cheo cha juu zaidi. Mwenye kuomba alipimwa maisha yake, hata wakaguzi walifika nyumbani kutazama anakaa na kula namna gani. Hivyo mtu alifundishwa kwamba kupanda ni kuachana na wenzake. Kifaransa kikawa ukuta, na karani akawekwa mlangoni pake kama mzamu. Wabelgiji walikwenda, na sisi tumeendelea kulinda ukuta ule bila kulipwa.

Lakini wazee wetu wote hawakuishi hivyo. Mwezi wa Desemba 1941, katika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wafanyakazi walisimamisha kazi kwa ajili ya mshahara, na askari wakawapiga risasi katika uwanja wa michezo. Kati ya waliouawa alikuwamo Léonard Mpoyi, mtu aliyejua kusoma na kuandika, aliyesema kwa jina la wenzake. Elimu yake aliifanya daraja la wengine kupitia. Kila karani wa leo achague kati ya njia hizi mbili, kwa maana njia ya tatu hatuioni.

Wengine watasema: mambo hayo yalikwisha, nchi ni yetu. Tusijidanganye. Mwaka 1967 mali ya Union Minière katika Kongo iliingia mikononi mwa serikali, na kutoka pale ikazaliwa Gécamines. Katika miaka ya 1970 tuliambiwa tusiitane tena Monsieur, tuitane Citoyen. Jina la bwana likafutwa mdomoni, likabaki moyoni. Mwananchi mkubwa aliendelea kumtukana mwananchi mdogo mbele ya watu, na mwananchi mdogo akarudi nyumbani kumtukana mke wake na watoto wake. Fimbo haikuvunjwa, ilipita tu kutoka mkono hadi mkono.

Na leo? Wakubwa wa migodi wametoka nchi nyingi, na lugha zao nyingi. Lakini mtu wa kwanza anayekutana na kibarua asubuhi si mgeni. Ni kapita wetu, karani wetu, mzamu wetu wa mlangoni. Tumeona kwa macho yetu watu wa kompani wakikaa mezani kula, na watu walioletwa na kompani ndogo za kukodisha vibarua wakila wamesimama juani, hali jiwe wanalolivunja ni moja. Tumeona mtu akiulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa ujuzi wake. Nani kati yetu alikataa? Tuliona, tukaendelea kula.

Tuseme pia juu ya wamama. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume wake kwa mambo mengi ya sheria, na mpaka mwaka 2016 ndipo ilipobadilishwa. Sheria imebadilika, lakini biro zetu zimekuwa nzito kuifuata. Mama anayejua hesabu kuliko sisi anatumwa kuleta chai. Akisema katika mkutano tunamkata maneno, kisha dakika kumi baadaye mwanaume anasema jambo lile lile, tunampigia makofi. Na yule anayesumbuliwa na mkubwa wake kwa maneno ya aibu, akija kwetu na machozi, tunamwuliza amevaa nini. Wandugu, mtu anayelia juu ya dharau ya mkoloni na huku anamdharau dada yake, je, analilia uhuru au analilia zamu yake ya kushika fimbo?

Tunawajua watakaotujibu. Watasema: bila ukali kazi haiendi, mfanyakazi akiheshimiwa sana atalala. Tunawajibu kwa vidole vitatu vya kijana yule. Mahali pa ukali kila mtu alijua kifuniko kimelegea, na hakuna aliyesema mara ya pili. Hofu haifukuzi uvivu, inafukuza habari. Mtu mwenye hofu atakwambia mashini ni nzima mpaka siku itakapolipuka.

Wengine watasema: tukifungua mlango, malalamiko na makosa yataongezeka. Ndiyo, yataongezeka katika daftari, na ni vizuri. Katika miaka ya 1990 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza wauguzi wa mahospitali. Aliona kwamba mahali penye uongozi mwema ndipo makosa ya dawa yaliandikwa kwa wingi zaidi. Akaeleza kwamba pale watu hawakuogopa kuyasema. Penye hofu yalifichwa. Basi daftari tupu lisitufurahishe. Daftari letu lilikuwa tupu asubuhi ile.

Wala tusiseme kwamba sheria inatuzuia. Katiba ya mwaka 2006 inaweka Kifaransa kuwa lugha ya serikali, na papo hapo inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 haimpi mkubwa ruhusa ya kumtukana wala kumsumbua mfanyakazi, inayahesabu mambo hayo kuwa makosa mazito. Mwaka 2019 shirika la kazi la mataifa yote lilipitisha mapatano juu ya kuondoa ujeuri na usumbufu mahali pa kazi. Kwa hiyo hatuombi sadaka.

Haya ndiyo tunayoyataka, na tunaanza nayo sisi wenyewe kabla ya kuyadai kwa wengine.

Kwanza, onyo la hatari lipokelewe kwa lugha yoyote, kwa karatasi au kwa mdomo, liandikwe saa ile ile, na aliyelileta asomewe kilichoandikwa. Kutafsiri ni kazi ya karani, mfanyakazi asitumwe kutafuta mtafsiri.

Pili, mtu aitwe kwa jina lake, na mkubwa kwa miaka aitwe baba au mama, hata kama mshahara wake ni mdogo kuliko wetu. Namba ni ya daftari.

Tatu, kosa la mtu lisemwe mbali na macho ya wenzake, na sifa yake isemwe mbele yao. Siku hizi tunafanya kinyume.

Nne, kibarua na mtu wa kompani wapate maji yale yale, kivuli kile kile na viatu vya kazi vilivyo vizima, kwa maana jiwe likianguka haliulizi mkataba.

Tano, kila mwenye madaraka, hata madaraka madogo ya kushika funguo, ajiulize jioni: leo nani alitoka mbele yangu ameinamisha kichwa, na kwa sababu gani? Jambo hili la tano halina mkaguzi. Ndiyo maana ni gumu kuliko yote.

Mtatuuliza mwisho wa habari yetu. Juma moja baada ya ajali tulikwenda nyumbani kwa baba yule wa mashini. Tulikaa chini, tukasema: "Baba, tulikukosea. Tumekuja kuomba msamaha." Alinyamaza sana. Kisha akamwita mke wake, na mama akaleta karatasi ile ile, imekunjwa mara nne, akasema: "Niliitunza, wanangu. Nilijua siku moja mtaiuliza." Tuliichukua, tukaifunga na ripoti ya ajali, tukaandika chini yake ya kwamba onyo lilitolewa na sisi tulilikataa. Mkubwa wetu hakufurahi. Tulipewa barua ya makosa, na sisi wengine hatujui kama mwaka ujao tutakuwa bado katika biro ile. Lakini kijana aliyeumia sasa ana karatasi ya kusimama nayo mbele ya mkaguzi wa kazi, wala hakuna atakayesema tena kwamba alijiumiza kwa uzembe wake.

Tangu siku ile mstari wa dirishani umekuwa mrefu zaidi. Watu wanasema mambo ambayo hawakuyasema kwa miaka: ngazi iliyovunjika, kapita anayekula siku za watu, mama anayesumbuliwa. Tunachoka kuandika, na kalamu inakwisha wino. Tunafurahi nayo taabu hiyo.

Enyi makarani wenzetu, makapita, wazamu, na ninyi mlioketi juu katika viti vya madirekta: bendera ilipandishwa mwaka 1960. Katika biro nyingi haijapandishwa bado. Tuipandishe kwa mikono yetu, dirisha kwa dirisha, na kila mtu ashughulike na dirisha lake kwanza.

Sisi, makarani wa mgodi