Land Rover Kuukuu: Kuitunza au Kuiaga?

Ukipita katika gereji za Iringa na Mbeya, ziwe gereji kubwa au gereji bubu za chini ya mti, hukosi kuona Land Rover moja iliyoegeshwa ukutani kwa miezi. Mwenyewe huja kila Jumamosi. Huizunguka mara mbili, huuliza bei ya kipuri kile kile alichokiulizia juma lililopita, kisha huondoka bila kuamua lolote. Mimi ni mmoja wa watu hao. Land Rover yangu ya aina ya 109 niliinunua mnadani mjini Iringa mwaka 1989, nikahamia nayo Mbeya, na tangu wakati huo imebeba mbegu za viazi, mifuko ya saruji, maharusi wawili na, mara moja, jeneza. Siandiki, basi, kama mtu asiyehusika.

Hata hivyo naona kwamba sisi wenye magari haya tumezoea kuulizana maswali mawili yasiyotufaa. La kwanza: gari hili lina umri gani? La pili: mpaka leo limekwisha kula fedha kiasi gani? Swali la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu fedha zilizokwisha kuliwa hazirudi, gari likiuzwa au lisiuzwe. Mtu aliyefunga injini nyingine mwaka jana husema, "Siwezi kuliuza sasa, nimeligharimia mno." Hapo anaiacha hasara ya jana imwamulie gharama ya kesho. Swali la umri nalo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, huonekana la maana kuliko lilivyo.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita vilikuwa vimemalizika karibuni, chuma kikitolewa kwa mgao nchini Uingereza, na kwa hiyo mwili wa gari ulitengenezwa kwa bati la mchanganyiko wa alumini, ambayo ilipatikana kwa urahisi zaidi. Chasisi ilikuwa ya chuma: mabati manne yaliyounganishwa kwa kuchomelewa yakafanya mhimili wenye uwazi ndani, kama sanduku refu. Juu ya mhimili huo kila kitu kilifungwa kwa bolti. Mlango, bawa, paa, giaboksi, ekseli, vyote vyaweza kufunguliwa kwa spana chache chini ya mwembe. Utengenezaji wa gari la mfumo huo ulikoma huko Solihull tarehe 29 Januari 2016, lakini kwetu halijakoma: mwezi Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha Land Rover kwa mamia katika tamasha la kulienzi gari hilo.

Mapenzi hayo yana historia yake, na sehemu ya historia hiyo ni uhaba. Barabara kuu ya lami kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Zambia ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nje ya lami hiyo, kwenda Makete, Chunya, Ileje au Kilolo wakati wa masika, gari lisilovuta kwa magurudumu manne lilikuwa ni mzigo wa kusukumwa. Kisha ikaja miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, vita vya Kagera vikiwa vimekwisha mwaka 1979 na fedha za kigeni zikiwa adimu. Gari jipya halikununulika, hata kwa mwenye shilingi. Tukajifunza kuchonga bushi, kukata gasketi kwa mpira wa tyubu, na kuhesabu kila Land Rover iliyoanguka bondeni kuwa ghala la vipuri. Swali la kutunza au kubadilisha halikuwapo. Palikuwapo kutunza tu. Nadhani kizazi changu kiliufanya ulazima huo kuwa fadhila, na sasa, magari ya mitumba yakiwa yamejaa nchini tangu biashara ilipofunguliwa, bado tunatunza kwa mazoea bila kuuliza sababu.

Lakini wanaotudharau kwamba tunapanda "mzee" nao wanakosea, na hapa sayansi yatutetea. Chombo chenye sehemu nyingi, ambazo kila mojawapo hubadilishwa inapokufa, baada ya muda huwa na sehemu za umri mbalimbali: klachi ya mwaka jana, pampu ya maji ya miaka mitano, fani ya gurudumu ya juzi. Hisabati ya uharibifu wa mitambo huonyesha kwamba chombo cha namna hiyo, badala ya kuharibika mara nyingi zaidi kila mwaka, hufikia kiwango kimoja cha kuharibika na kubaki hapo. Hakizeeki tena. Ni kama kijiji: watu huzaliwa na kufa, lakini kijiji hakina umri wa mtu. Ndiyo maana Land Rover ya mwaka 1975 yaweza kuleta usumbufu ule ule iliouleta mwaka 1995, wala hauzidi.

Hayo ni kweli kwa sharti moja tu, kwamba kila sehemu hubadilishwa. Ziko ambazo hakuna anayezibadilisha. Nyaya za umeme ni mojawapo. Ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva ni nyingine. Na kubwa kuliko zote ni chasisi. Umri wa kweli wa gari ni umri wa sehemu yake isiyobadilishwa.

Chasisi huoza kutoka ndani. Tope na maji huingia katika uwazi wa mhimili kupitia matundu yake, hukaa humo, na kutu hula chuma pole pole mahali ambapo jicho na brashi ya rangi havifiki. Mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, metali hizo mbili na maji huwa kama betri ndogo, na alumini huliwa ikageuka unga mweupe. Maji ndiyo chanzo cha yote. Kwa hiyo mahali gari lilipoishi pana uzito kuliko mwaka lililotengenezwa. Iringa mjini mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 800. Tukuyu huzidi milimita 2,000. Land Rover mbili zilizotoka kiwandani siku moja, moja ikaishi Isimani na nyingine ikabeba chai Rungwe, si rika moja hata kidogo. Anayenunua asome kadi ya gari, lakini kwanza alale chini na nyundo ndogo, agonge chasisi kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya kufa, kama debe lenye mchanga.

Sasa tuje kwenye gharama. Wenzetu wa misitu walikwisha kulitatua swali linalofanana na hili. Mwaka 1849 mtaalamu wa misitu wa Kijerumani, Martin Faustmann, alieleza jinsi ya kuhesabu thamani ya ardhi ya msitu, na kutokana na hesabu hiyo ikapatikana kanuni ya mti ukatwe lini: linganisha faida ya kuungoja mwaka mmoja zaidi na gharama ya kungoja, ikiwamo riba ya fedha zilizofungwa humo. Bwana miti wa Sao Hill akisimama mbele ya misonobari yake ana swali lile lile alilo nalo mwenye Land Rover kuukuu. Kanuni kwa gari ni hii: linganisha gharama ya mwaka mmoja ujao wa gari ulilo nalo na wastani wa gharama ya mwaka wa gari litakalolirithi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari la mtumba lililo bora zaidi ni shilingi 36,000,000, nawe utalitumia miaka 8 kisha uliuze 16,000,000. Limepoteza 2,500,000 kila mwaka. Ongeza matengenezo ya 1,500,000, jumla 4,000,000. Land Rover yako yauzika leo kwa 9,000,000 na mwakani kwa 8,500,000, maana yake inapoteza 500,000 tu. Matengenezo yake ni 2,400,000. Ikiwa inakunywa lita 4 zaidi katika kila kilomita 100, nawe unakwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, hizo ni lita 600 za ziada. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni 1,800,000. Jumla ni 4,700,000. Iuze. Lakini kama unakwenda kilomita 5,000 tu, dizeli ya ziada ni 600,000, matengenezo tuseme 1,400,000, jumla 2,500,000. Na gari jingine, hata matengenezo yake yakipungua hadi 800,000, litakugharimu 3,300,000. Itunze.

Hapo hatujatia riba. Katika gari jingine umefunga wastani wa shilingi 26,000,000 kwa miaka yote minane. Kwa riba ya asilimia 10 ni 2,600,000 kila mwaka. Katika Land Rover umefunga 9,000,000, yaani riba ya 900,000. Yule wa kilomita 15,000 sasa ana 6,600,000 upande mmoja na 5,600,000 upande wa pili, na mizani imegeuka: anayekopa benki ili abadilishe gari mara nyingi anajitia hasarani hata kama gari lake la zamani ni mlevi wa dizeli. Tia na siku za kulala njiani, mizani yaweza kugeuka tena. Mwalimu anayekwama Jumapili hupoteza Jumapili. Mchuuzi wa viazi anayekwama na mzigo katika mvua hupoteza mzigo. Kila mtu na ajaze tarakimu zake. Daftari la senti chache litamfaa kuliko ushauri wa baa.

Barabara nazo zimebadilika. Lami imefika Chunya, imeunganisha Iringa na Dodoma, na Njombe na Makete. Katika lami hizo ndipo udhaifu wa Land Rover ya zamani huonekana. Injini yake ya dizeli ya lita 2.25 ilitoa nguvu za farasi zipatazo 60 usawa wa bahari. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, na nguvu hupungua kwa kadiri hiyo. Kupanda si aibu. Malori nayo yanapanda pole pole. Kinachonitia hofu ni kushuka.

Gari la tani mbili likishuka mita 500 za wima hutoa nishati inayotosha kuchemsha karibu lita 30 za maji baridi. Nishati hiyo isipozuiwa na injini katika gia ndogo, yote huingia katika breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kila mwaka. Ya kawaida yakiwa mapya huchemka yapata nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji huchemka karibu na 140. Yakichemka hufanya mapovu, na pedali huzama mpaka sakafuni bila kushika. Land Rover nyingi za zamani zina mkondo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne: ukipasuka mrija mmoja, breki zote zimekwenda. Mtu anayeijua Kitonga, au mteremko wa Mbalizi, hahitaji maelezo zaidi.

Ndipo ninapofikia maoni yangu. Katika hesabu ya fedha, mapenzi yaruhusiwe. Mtu akitaka kulipa laki saba zaidi kwa mwaka ili aendelee kusikia mlio anaoupenda, hiyo ni starehe kama starehe nyingine, na ni ya bei nafuu kuliko nyingi. Ila alipe yeye. Chasisi iliyooza na breki zisizoaminika hazimtozi mwenye gari peke yake. Huwatoza walioketi nyuma kwenye mabenchi, ambao hawakugonga chuma chochote kwa nyundo, na ambao wanapanda kwa kuwa wanamwamini mzee wao. Hapo pasiwe na mizani wala daftari. Chasisi ibadilishwe yote, kwa idhini ya wanaosajili magari kwa kuwa namba yake imo katika kadi, au gari lisibebe mtu.

Machi iliyopita fundi wangu aliinua Land Rover yangu, akagonga nyuma ya ekseli ya mbele, akagonga tena. Bisibisi ikazama mpaka mpini. "Mzee," akasema, "hii si chasisi, hii ni rangi." Nilikuwa nimeipaka mwenyewe, makoti matatu.

Siku tisa baadaye jirani yangu alibisha hodi saa nane za usiku. Mkwewe alikuwa na uchungu, naye alikuja moja kwa moja kwangu, kama majirani walivyofanya siku zote. Nilimpigia simu dereva wa teksi, nikasimama naye barazani kumngojea, yapata dakika ishirini. Hakuniuliza neno. Aliitazama tu Land Rover pale uani, imeoshwa, inang'aa chini ya taa.