MASHAURI KWA WENYE MOTOKAA: BETERI

Juma hili twataka kuzungumza na wasomaji wetu wenye motokaa, hasa madereva wa teksi, juu ya ununuzi wa beteri mpya. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku motokaa inapokataa kuwaka.

Jirani yetu mmoja wa Kangemi huchukua abiria kati ya Westlands na katikati ya mji. Usiku mmoja wa baridi ya Julai aliamshwa ampeleke hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Alipozungusha ufunguo, motokaa ilitoa mlio hafifu, kisha kimya. Vijana walikuja kuisukuma, lakini wapi! Motokaa yenye gia zinazojibadili zenyewe haiwaki kwa kusukumwa. Kwa rehema za Mungu, mtu mwingine alikuwa na gari, na yule mama akafika salama.

Hiyo ilikuwa beteri ya pili ya jirani yetu katika miezi minne. Fundi alipopima, aliona kwamba beteri haina hatia. Alternata, yaani mtambo unaotia umeme katika beteri, ndiyo iliyokuwa mbovu. Fedha za beteri mbili zilipotea bure.

Basi shauri la kwanza ni hili: jua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Ukifika kwa mafundi wa Kirinyaga Road, iliyoitwa zamani Grogan Road, omba wapime kwanza. Beteri nzima iliyojaa, ikipumzika saa chache, huonyesha karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12, imeishiwa umeme. Injini ikizunguka, kipimo chapasa kupanda kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisipopanda, tengeneza alternata au mkanda wake, maana beteri mpya nayo itakufa vivyo hivyo. Tazama pia nyaya zilizolegea na ukungu juu ya vichwa vya beteri. Lakini ikiwa hayo yote ni mazima, na beteri iliyojazwa jioni haina nguvu asubuhi ijapokuwa hukuacha taa ikiwaka, hapo hapana budi kununua nyingine.

Shauri la pili ni ukubwa. Maandishi kama NS40 au NS70 ni alama za kipimo. Nunua kile kilichoagizwa na watengenezaji wa motokaa yako, na uhakikishe kichwa cha kujumlisha kiko upande ule ule. Motokaa zinazozima injini zenyewe zikisimama barabarani huhitaji beteri ya aina yake. Ya kawaida huchoka upesi.

Shauri la tatu ni tarehe. Beteri hupoteza umeme hata ikikaa dukani bila kutumiwa. Kwa hiyo uliza ilitengenezwa lini, na usichukue iliyokaa zaidi ya miezi sita pasipo kupimwa mbele yako. Jihadhari na beteri kuukuu iliyopakwa rangi na kubandikwa karatasi mpya. Dai stakabadhi na kadi ya dhamana yenye mhuri na tarehe; muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mwisho, usimwage tindikali ya beteri ya zamani mtaroni, wala usiwaache watoto waichezee. Ndani yake mna risasi, nayo ni sumu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na kiwanda kilichoyeyusha beteri kuukuu, na kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyowapa haki mwaka 2024. Irudishe dukani, aghalabu utapunguziwa bei ya mpya.

Wazee walisema kwamba rahisi ni ghali. Beteri njema yaweza kukugharimu mapato ya siku kadhaa, lakini usiku jirani atakapobisha mlango, utafurahi kwamba ulilipa.