Binti Yetu Katika Korongo la Colca



Wengi mlituuliza kwa nini mkutano wetu wa mwezi uliopita ulikwisha giza likiwa limeingia. Leo tunaweza kueleza, kwa ruhusa ya mama mwenyewe na ya binti yake.

Mwenzetu mmoja alifika na simu mkononi, akakaa bila kugusa chai. Binti yake anasoma São Paulo, nchini Brazil. Alikuwa amemwandikia kwamba katika likizo yeye na wasichana wawili wa darasa lake watakwenda Peru. Kutoka Lima watapanda basi la usiku mpaka Arequipa, kisha watashuka kwa miguu katika korongo liitwalo Colca. Pesa hakuomba, kwa kuwa walikuwa wamecheza likelemba mwaka mzima. Aliomba baraka tu.

Tulibishana sana. Mmoja wetu alisema pesa hiyo ingenunua vitabu. Mwingine akajibu: "Sisi wenyewe tumelala mara ngapi kwenye mashua ya usiku ya Goma, kichwa juu ya gunia?" Mama wa binti akasema: "Sisi tulikwenda kutafuta chakula cha watoto. Yeye anakwenda kutazama tu." Kukawa kimya. Ndipo mkubwa wetu, bibi wa wajukuu wengi, akauliza: "Na kutazama ni kosa?"

Hatukumjibu upesi. Tulitaka kwanza kujua ni mahali gani. Colca iko kusini mwa Peru, katika milima ya Andes. Mto umekata mwamba mpaka korongo likawa na kina cha zaidi ya mita 3,000 kutoka kilele cha mlima hadi majini. Ni karibu mara mbili ya lile korongo mashuhuri la Marekani, Grand Canyon. Watu wanaishi humo tangu zamani, Wacollagua na Wacabana, na ngazi za mashamba walizozichonga milimani zinalimwa mpaka leo.

Mwishowe mama alitoa baraka pamoja na masharti matatu. Pesa isikae mahali pamoja. Kabla ya kila safari atume jina la kampuni ya basi, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Na mmoja akiugua, wote wasimame; asione haya kurudi nyuma.

Basi la usiku lina faida yake: ukilala njiani, hulipi chumba usiku ule. Kutoka Lima mpaka Arequipa ni kama kilomita 1,000, na basi hutumia saa 15 au zaidi. Kuna viti vinavyolala nusu na vingine vinavyolala karibu kama kitanda. Bei ndiyo inavitofautisha. Wasichana wetu walichukua vya bei ya chini. Begi dogo la binti liliwekwa juu, kwenye kibao cha mizigo, naye akalala. Alfajiri begi lilikuwa limefunguliwa na simu haimo. Kondakta alisema mizigo ya juu si kazi yake.

Huku Bukavu mama alingoja ujumbe wa kufika. Saa ya kufika ikapita. Tulikwenda kukaa naye nyumbani, tukamenya maharage ambayo hakuna aliyetaka kuyala. Usiku simu ikalia kwa namba ya kigeni: "Mama, simu imeibiwa, lakini mimi niko mzima." Binti alikuwa ameandika namba ya mama kwenye daftari, akaazima simu ya mwenzake. Pesa aliyoificha ndani ya nguo ilikuwepo yote.

Arequipa walipumzika siku mbili. Ni mji ulio kwenye urefu wa mita 2,300 hivi, wenye nyumba nyingi za jiwe jeupe la volkeno. Sisi tunaojua mawe meusi ya Nyiragongo tulishangaa kusikia kwamba volkeno huzaa pia jiwe jeupe. Kutoka hapo basi hupanda mpaka Patapampa, karibu mita 4,900, ambapo hewa ni nyepesi mno. Rafiki mmoja aliumwa kichwa na kutapika. Wenyeji huuita ugonjwa huo soroche, na humpa mgonjwa chai ya majani ya koka. Dawa ya kweli ni kupumzika, na hali ikizidi, kushuka chini.

Walipofika kijiji cha Cabanaconde, mpango ulikuwa kuteremka siku ile ile. Mwenzao wa tatu alitaka waendelee, kwa sababu chumba cha chini kilikuwa kimelipiwa tayari. Binti yetu alikataa. Walipoteza pesa ya usiku mmoja, wakagombana, wakalala kijijini. Kesho yake mgonjwa aliamka akaomba kula.

Asubuhi hiyo waliwaona kondo, ndege wakubwa ambao mabawa yao yakitandazwa hufika mita tatu. Kondo jike hutaga yai moja tu, mara nyingi baada ya miaka miwili, na kinda hukaa na wazazi muda mrefu hata baada ya kujua kuruka. Mama aliposikia habari hiyo alicheka: "Huyo ndiye mzazi mwenzangu!"

Kushuka mpaka Sangalle ni kama mita 1,100. Magoti hulia kuliko mapafu. Juu ni baridi kavu, chini kuna mitende na joto. Hakuna gari, gesi, unga, hata soda hufika mgongoni mwa nyumbu, ndiyo maana bei ni ya juu. Binti alituandikia juu ya mwanamke aliyewapikia. Alikuwa amefunga mtoto mgongoni kwa kitambaa cha rangi, akiwasha moto na kuhesabu deni la wageni kwa wakati mmoja. Alisema aliwakumbuka wamama wa Kadutu wanaopanda mlima na mzigo, kamba kwenye paji la uso.

Kurudi juu huanza kabla jua halijatoka, kwa sababu mwamba ukishapata joto ni mateso. Ni saa tatu au zaidi za kupanda tu. Rafiki aliyeugua hakuweza. Ile pesa ya pembeni ikamkodia nyumbu. Binti yetu alipanda kwa miguu, akafika juu akilia, hajui kama ni uchovu au furaha.

Wamama, watoto wetu watasafiri, tukipenda au tusipopenda. Tumekubaliana kuwafundisha haya:

Namba ya nyumbani iandikwe kwenye karatasi, isikae kwenye simu peke yake. Katika basi, begi la makaratasi na pesa lilale kifuani, kamba ikizunguka mkono. Wakate tiketi kwenye kituo chenyewe. Wapande milima polepole, siku mbili za kupumzika si hasara. Wabebe maji ya kutosha na nguo ya baridi. Waende miezi isiyo na mvua. Kule ni kuanzia Aprili hadi Novemba. Na waweke pesa ya dharura isiyoguswa kwa picha wala zawadi.

Yule aliyetaja vitabu bado anashikilia neno lake, nasi tunamheshimu. Jumamosi hii tutazungumza tena: wewe ungempa mtoto wako masharti gani? Njooni na majibu. Na mwenye zamu ya sukari asisahau.